Kompyuta ya Mlangoni

Wafanyakazi wangu hunicheka kwa sababu ya kompyuta iliyo karibu na mlango. Ni kuukuu, skrini yake ina kisogo kikubwa, haijaunganishwa na chochote, na kazi yake ni moja tu: kupima flashi za wateja kabla hazijaingia kwenye mashine zetu za kazi. "Mama, siku hizi watu wanatuma picha kwa simu," wananiambia, nami nawajibu wafute vumbi kwenye kibodi yake na waniache. Wanaokuja na flashi bado wapo, hasa wanaotaka kijitabu cha mazishi, maana hapa Kisii mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha zake zote tangu ubatizo hadi kitanda cha hospitali. Sijawahi kuwaeleza vijana hawa sababu yangu. Wanadhani ni ukaidi wa mwanamke anayekaribia hamsini, na nimewaacha waamini hivyo, kwa kuwa ukaidi ni sifa nzuri ukiulinganisha na ukweli wenyewe.

Jumanne iliyopita asubuhi aliingia msichana wa kama miaka kumi na sita, amevaa sweta ya shule juu ya sketi ya nyumbani. Hakuuliza bei. Alisimama mbele ya ile kompyuta kuukuu, akaitazama, kisha akaweka flashi kando ya kibodi kana kwamba alishawahi kuja. Ilikuwa imezungushiwa kipande cha plasta ya karatasi, na juu yake, kwa mwandiko ninaoujua, palikuwa pameandikwa IMEPIMWA. "Mimi ni Kwamboka, wa Kerubo wa Gesima," akasema. "Mama alisema kama ni kutengeneza kitabu chake, tulete kwako. Alisema utapima tu hata kama yeye amepima." Habari za kifo cha Kerubo nilikuwa nazo tangu Jumapili. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba nitatuma rambirambi kwa simu, na kwamba barabara ya kwao ni mbaya wakati wa mvua, ilhali najua vizuri kuwa ni ya lami. Nilimpa mtoto kiti, nikachomeka flashi ya mama yake kwenye kompyuta ya mlangoni, na ile mashine ikaanza kunguruma polepole kama kawaida yake. Kwa muda ule wote wa kungoja sikuweza kumwangalia usoni.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwetu mwanamke wa umri huo ambaye hajaolewa alikuwa akisalimiwa kwa sauti ya pole. Nilifanya kazi kwa Bwana Jayesh, katika duka lake la picha na uchapaji katikati ya mji. Baba yake alilianzisha kama studio, na chumba cha nyuma bado kilikuwa na pazia la kijani ambalo watu wa zamani walipigwa picha mbele yake, kigoda cha miguu mitatu, na kabati la chuma lililojaa filamu ndani ya bahasha, kila bahasha na jina la mwenyewe na kwao. Chumba hicho kilinuka siki. Wiki ya kwanza nilidhani ni achari, kwa sababu mke wa Bwana Jayesh alituletea chakula cha mchana kila siku: chapati nyembamba, dengu, na achari ya embe iliyotutoa machozi. Sisi nasi tulileta ndizi za kupika na chinsaga, na Bwana Jayesh alikuwa akikunja uso kwa uchungu wa mboga ile kisha anasogeza sahani aongezewe. Tulikula watatu, yeye, mimi na Kerubo, kwenye meza ya kukatia karatasi, tukisukuma mabaki ya karatasi pembeni. Kumbe siki ile ilikuwa filamu zenyewe. Zilikuwa zinaoza kabatini, zinagandamana, na majina ya watu yanaliwa na ukungu.

Kerubo aliajiriwa kwa ajili ya kabati hilo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, Msabato wa kweli asiyegusa kazi tangu jua la Ijumaa linapozama, na mcheshi kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kufungua bahasha moja moja, kupitisha filamu kwenye skana, na kuhifadhi picha kwenye kompyuta kubwa ya ndani. Filamu iliyokwisha kupita ilitupwa kwenye pipa uani na kuchomwa, kwa sababu Bwana Jayesh alikuwa anaogopa harufu ile itawaambukiza kifua watoto wake. Kwa hiyo kufikia katikati ya mwaka, nyuso za watu wa Kisii na Nyamira, mabibi harusi wa zamani, makarani wenye kalamu mfukoni, watoto waliokwisha kuwa wazee, wote walikuwa wanaishi ndani ya mashine moja na diski moja ya akiba. Watu waliposikia walianza kuja. Mtu anafiwa, hana picha hata moja ya marehemu akiwa kijana, anakuja kwetu na jina. Kerubo anatafuta. Akipata, unasikia kilio na kicheko kwa pamoja pale kaunta.

Sheria ya kuilinda mashine hiyo ilikuwa moja, na Bwana Jayesh aliirudia kila Jumatatu tukifungua. "Flashi ya mtu haiingii ndani mpaka ipimwe mlangoni. Hata ya mama yangu. Mimi mwenyewe nikileta yangu, pima." Kompyuta za wakati ule zilikuwa na tabia ya kumkaribisha kila mgeni, ukichomeka flashi tu zinafungua zenyewe chochote kilichomo, na kama ni virusi, tayari vimeingia. Ndiyo maana tuliweka mlangoni kompyuta mbovu isiyo na kitu cha kupoteza. Flashi ilipimwa hapo, ikaandikwa kwenye daftari pamoja na saa, ikazungushiwa plasta, ndipo ikaenda ndani. Skrini ilielekea benchi la wateja. Flashi ikiwa chafu, mashine ilipiga king'ora, na Kerubo alikuwa akiinyanyua juu kwa vidole viwili na kusema, "Hii ni ya nani? Imekuja na ukoo mzima!" Benchi zima lilicheka, na mwenye flashi akacheka pia kwa kulazimika.

Mwezi wa nane, Kerubo alifungua bahasha iliyoandikwa Bosibori, Gesima, nakala mbili, hazijachukuliwa. Bosibori alikuwa mama yake. Alifariki Kerubo akiwa bado ananyonya, na katika nyumba ya bibi yake hapakuwa na picha yake hata moja. Kerubo aliniambia kwamba utotoni alikuwa akijiangalia kwenye kioo akijaribu kukisia ni sehemu gani ya uso wake iliyotoka kwa mama. Na sasa huyo hapo kwenye skrini, ameketi kwenye kile kigoda mbele ya pazia la kijani, amefunga kitambaa cha maua kichwani, na mapajani ana mtoto mnono ambaye ni Kerubo mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeila filamu, picha nzima imejaa madoa meupe. Nilimwambia achape hivyo hivyo ampelekee bibi yake. "Sitamtoa na madoa usoni, Moraa," alinijibu. "Amengoja miaka yote hii, acha nimwoshe kwanza." Akaanza kuyafuta, doa kwa doa, kila mchana baada ya kula, huku sisi tukinywa chai. Aliahidi kumaliza kabla ya Desemba. Mimi nilimtania. "Utamaliza magokoro wako akiwa ameota meno mapya," nilimwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, naye akacheka bila kuondoa macho kwenye skrini.

Sasa nifike kwenye Ijumaa moja kabla ya Desemba hiyo, ambayo nimeizungukazunguka vya kutosha. Nilikuwa nimechumbiwa na Onchiri wa Nyamarambe, na wazee wa pande mbili walikuwa wakutane baada ya wiki mbili. Kerubo aliondoka saa saba kasoro kuwahi Sabato. Flashi ya mwisho kuipima aliiandika kwenye daftari saa sita na nusu, akachomeka diski ya akiba kwenye kompyuta kubwa ili inakili kazi za wiki, akaniambia, "Ikimaliza, itoe," akaenda. Bwana Jayesh alikuwa benki. Saa nane mchana aliingia baba yake Onchiri pamoja na wazee wawili. Ndugu yake alikuwa amefariki na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Kati ya mwanamke na baba mkwe wake kuna mambo ambayo hayatendwi: humpi mkono, huketi karibu naye, na humweki mahali ambapo ataaibika mbele ya watu, kwa sababu akiaibika, aibu hiyo ni yako. Hata flashi hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua mbili, nami nikaichukua pale.

"Mbuya ore?" alinisalimu.

"Mbuya, tata," nilimjibu, kama tunavyomwita baba.

"Nimeambiwa hapa mnapima kwanza," akasema. "Hii nimepewa na mtoto wa dada yangu, sijui ameifanyia nini. Sisi tutangoja tu." Na akaketi kwenye benchi, pale pale mbele ya skrini, na wazee wake pande zote mbili.

Niliitazama ile kompyuta ya mlangoni. Nilisikia king'ora kabla hakijalia. Niliwaona wateja wakicheka, na wazee wale wakigeuka kumtazama, na mimi, ambaye wiki mbili baadaye ningekuwa ninajadiliwa kama mke wa mtoto wake, nimeshika kitu chake juu kama ushahidi. "Yako hapana, tata," nikasema. "Yako inaingia moja kwa moja." Nikapita nayo ndani, nikaichomeka kwenye kompyuta kubwa, diski ya akiba ikiwa imechomekwa kando yake. Picha za marehemu zilifunguka vizuri. Mzee alifurahi, akawaambia wenzake kwamba hapa tuna mtu wetu. Kwenye daftari sikuandika kitu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa heshima. Lakini mzee alikuwa ameshaketi kungoja. Yeye hakuona aibu yoyote kupimiwa flashi yake. Aliyetaka kuonekana ana nafasi ya pekee kwa mzee ni mimi. Nilitaka arudi Nyamarambe akisema msichana yule ana adabu. Na alisema hivyo hasa, nilikuja kuambiwa, mbele ya wazee wote.

Jumamosi asubuhi nilifungua duka peke yangu. Picha hazikufunguka. Niligusa moja, nikagusa nyingine, kila moja ikaniletea ujumbe kwamba imeharibika. Nilitoa diski ya akiba nikaijaribu kwenye mashine nyingine ya kazi, nayo ni hivyo hivyo. Bwana Jayesh alipoingia hakupiga kelele. Alichukua daftari, akapitisha kidole hadi mstari wa mwisho, saa sita na nusu, kwa mwandiko wa Kerubo, akakiacha kidole hapo. "Hii ndiyo ya mwisho?" aliniuliza. Nilikuwa nimesimama karibu naye hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Nikasema, "Ndiyo." Mke wake alileta chakula mchana huo kama kawaida, na hakuna aliyekigusa isipokuwa mimi. Nilikula chapati mbili. Sijui kwa nini nakumbuka idadi.

Fundi aliyeitwa aliokoa barua na vijitabu, lakini picha nyingi zilikuwa zimeliwa. Jumatatu Kerubo alikaa kando yake akamtajia faili moja tu. Ilifunguka kutoka juu, polepole, mstari kwa mstari: pazia la kijani, kisha kitambaa cha maua kichwani, kisha ikakwama. Kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa rangi ya kijivu tupu. Fundi alijaribu mara tatu, na mara zote ilikwama pale pale penye ukingo wa kitambaa. Pipa la uani lilikuwa na majivu tu. Kerubo hakulia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma, "Ni mimi. Nilikuwa nawahi Sabato, nilipima haraka haraka." Mimi nikaweka mkono begani mwake nikamwambia asijilaumu. Nilimwambia hivyo, kwa upole kabisa, na akanishukuru.

Bwana Jayesh hakumfukuza. Alimwondoa kwenye kompyuta akamweka kwenye fotokopi, na baada ya wiki mbili Kerubo hakuja tena. Alirudi Gesima kuchuma chai. Wiki hiyo hiyo ndiyo wazee walikutana kuhusu mimi na wakaelewana. Kwenye harusi yangu Kerubo alikuja tangu alfajiri, akafunga leso kiunoni, akaosha sufuria zote, na nilipopita karibu naye na gauni langu jeupe alinipungia mkono wenye povu. Baadaye, nilipofungua duka langu mwenyewe, tulikutana sokoni mara chache, mimi kila mara nikiwa na haraka. Kila tulipokutana aliuliza jambo lile lile. "Moraa, unapima?" Nikimjibu ninapima, anasema, "Vizuri. Usiharakishe kama mimi." Ningeweza kumwambia siku yoyote. Baba mkwe alipokuwa hai nilisema siwezi kumwaibisha mzee. Alipofariki nilisema huwezi kumsema marehemu. Bwana Jayesh naye akafa, na mimi nikaona sasa hakuna haja. Nina hasira na mwanamke huyo aliyekuwa anatafuta sababu, na si rahisi kumkasirikia mtu ambaye unavaa nguo zake kila asubuhi.

Kompyuta ya mlangoni ilimaliza. Flashi ya Kerubo ilikuwa safi. Niliipeleka ndani, Kwamboka akavuta kiti, tukaanza kupanga kurasa: Kerubo kwenye kwaya, Kerubo na kikapu cha majani chai, Kerubo amembeba Kwamboka mwenyewe. Tulipofika ukurasa wa wazazi, mtoto alisita.

"Hapa tuko na babu peke yake," akasema. "Mama yake mama hakuna. Mama alisema ilikuwa moja, ikaharibika kwa kompyuta. Alisema aliiharibu yeye mwenyewe. Hata juzi hospitali alikuwa anaisema."

Niliondoa mkono kwenye kipanya. "Si yeye," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza yote, kuanzia flashi iliyowekwa juu ya kaunta hadi mkono wangu begani kwa mama yake. Nilisimulia vibaya, nikirudia rudia, na mara mbili nilijikuta naanza kueleza chinsoni ni nini, kwa mtoto wa Kigusii ambaye anaijua tangu kuzaliwa. Nikaacha.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Na mlikuwa mnaonana sokoni."

"Ndiyo."

Alikunja mkono wa sweta yake, akaukunjua. Nilingoja anitukane, na nadhani ningefurahi. Lakini alikuwa anafikiria jambo jingine. "Magokoro alikufa bila kuiona," akasema. "Babu hayuko. Mama hayuko. Nani mwingine aliona hiyo picha ikiwa nzima?"

"Bwana Jayesh, naye hayuko. Nimebaki mimi."

"Basi niambie," akasema, na kwa mara ya kwanza akanisogelea. "Alikuwa anafanana na nani?"

Nilifumba macho nikaitafuta. Niliona pazia la kijani. Niliona kitambaa cha maua, na hata fundo lake upande wa kushoto. Niliona meza ya kukatia karatasi, kikombe changu cha chai, shingo ya Kerubo ikiinama kwenye skrini, na nikasikia sauti yangu ikimtania. Chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Mchana baada ya mchana picha ile ilikuwa mbele yangu, wazi, na mimi nilikuwa natafuta la kuchekesha. Nilipofumbua macho Kwamboka alikuwa ananitazama, na paji pana la uso kama la mama yake, na nilijua jibu analolitaka. Ni neno moja tu, "wewe", na angelibeba hadi Gesima akiwa na furaha.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Uso wake siukumbuki."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akanielekeza nichore fremu tupu ya ukubwa ule ule wa picha ya babu yake, kando yake, na niandike jina chini. Nikaichora. Nikaandika Bosibori. Aliagiza nakala mia mbili, na Alhamisi nilizikunja zote kwa mikono yangu, moja moja, nikazipakia kwenye katoni na kuzipeleka Gesima mimi mwenyewe.